Video za harusi sebuleni Mikindani, bila waya na bila bando

Waifai si bando. Naanza na hili kwa sababu kila mgeni anayekaa sebuleni kwangu akaona video inatoka chumba cha mbele na kuchezea kwenye televisheni bila waya, swali lake la kwanza ni hilo hilo: "Si inakula bando hiyo?" Haili. Ruta ina redio ndani yake, na redio hiyo inahamisha data kutoka kifaa kimoja kwenda kingine humu humu ndani. Kampuni ya simu inaingia pale tu unapotaka kitu kilicho nje ya nyumba. Kama faili liko kwenye kompyuta yako, bando halina kazi hapo.

Shangazi yangu hakukubali kwa maneno. Tulikuwa tunaangalia harusi ya binti wa jirani, yeye macho hayako kwa bibi harusi, yako kwenye taa za ruta. "Mwanangu zima, utakosa hata ya kupigia simu." Nikainuka, nikachomoa laini kwenye ruta, nikamwekea mkononi. Video ikaendelea. Akaigeuza ile laini, akanitazama, akasema, "Basi rudisha nyuma pale kwa mama mkwe, sijaona alivyovaa."

Sasa kwa nini mtu wa Mikindani, huku Mtwara, ahangaike na haya yote. Mimi napiga video za harusi, upande wa wanawake. Ukanda wetu huu familia nyingi hazitaki mwanamume na kamera yake chumbani bibi harusi anapopakwa hina, wala kwenye singo, wala kwenye kicheni pati ambako mashangazi wamefunga kanga kiunoni na wanacheza kana kwamba hawana wakwe. Wananiita mimi, na sharti ni moja: video isionekane mtandaoni. Hakuna kuipandisha popote hata kwa kiungo cha siri, hakuna kurushiana vipande kwenye simu. Kwa hiyo kabla sijatoa nakala ya mwisho, wenyewe wanakuja nyumbani. Mama wa bibi harusi, mashangazi wawili watatu, na somo yake, wanakaa wanaangalia kwenye skrini ya inchi 50 na kuniambia pa kukata. "Hapo toa." "Hapo mwanangu hajatulia, toa." "Huyo alikuja na nani? Mwache, mwache."

Zamani nilikuwa nabeba diski ya nje, naichomeka kwenye televisheni. Televisheni zina maringo. Faili hili inacheza picha bila sauti, lile inakataa kabisa, jingine inaandika muundo haufahamiki. Na kila wakisema "toa", nirudi chumba cha mbele, nikate, nitoe faili upya, ninakili, nirudi nalo. Wageni wanamaliza chai na vitumbua bado tuko dakika ya arobaini. Nilichotaka ni faili libaki pale pale kwenye kompyuta ya kuhariria, na sebuleni pawe na kompyuta ndogo inayolisoma kwa mbali na kulionyesha kwa HD kamili.

Nyumba yangu ndiyo ilikuwa tatizo kuliko kompyuta. Ni ya marehemu bibi, ya zamani, moja ya zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba cha mbele kilikuwa duka, sasa ndiyo ofisi. Kisha ukuta, kisha korido, kisha ukuta mwingine, ndipo sebule inayotazama uani. Ukuta mmoja ukiuwekea mkono pale dirishani, kiwiko kikiwa upande wa ndani, ncha za vidole hazifiki upande wa nje. Ukuta wa namna hiyo joto halipiti, na waifai nayo haipiti.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu masafa. Ruta nyingi za sasa zina redio mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ile ya 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya mwendo mdogo, na chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Mtwara mjini, mahali kama Chikongola au Ligula, ukifungua simu unaona majina ya waifai za majirani yamepangana, wote wanagombania chaneli hizo tatu. Mikindani tuna nafuu, majirani zangu wenye ruta nawahesabu kwa vidole. Ile ya gigahezi 5 ina kasi kubwa na nafasi tele, ila ikikutana na ukuta mnene inachoka mara moja.

Na usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ruta imeandikwa 300, unadhani utapata megabiti 300 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya redio kwa redio, hali ikiwa nzuri kupita kiasi. Data yenyewe inayofika huwa karibu nusu yake ukiwa umekaa nayo chumba kimoja. Ukiweka ukuta wa matumbawe katikati, hesabu nyingine. Nilipima kwa programu ya iperf3, ambayo ni ya bure: unaiwasha pande zote mbili, inasukuma data tupu na kukuambia kiasi kinachopita. Kutoka ofisini hadi sebuleni, kwa 2.4, nilipata megabiti ishirini na kitu mlango wa korido ukiwa wazi, na chini ya kumi ukifungwa. Kwa 5, kompyuta ya sebuleni haikuona hata jina la ruta.

Linganisha na video yenyewe. Kamera yangu ikirekodi 4K, picha yenye vitone mara nne ya HD kamili, inaandika megabiti 100 kwa sekunde, yaani saa moja ya harusi ni gigabaiti 45. Hiyo siipitishi hewani mbichi, ya nini? Kwa kuangalia na wateja natoa faili la 1080, yaani HD kamili, kwa megabiti 20, saa moja gigabaiti 9, na kwenye inchi 50 mtu haoni tofauti akiwa amekaa kwenye kochi. Lakini hata hiyo 20 haitoshi kukutana na 20 ya redio. Video haisafiri kwa wastani tu. Bibi harusi akiwa amekaa kimya data inapungua, vigelegele vikipigwa na maua ya karatasi yakirushwa inapanda ghafla, maana kila kitu kwenye picha kinabadilika. Ndiyo sababu video inaganda pale pale penye raha. Mimi nataka njia iwe na upana mara tatu ya wastani wa faili, chini ya hapo nakataa.

Fundi mmoja wa mjini alinishauri ninunue kile kidude cha kurudia mawimbi, kinachochomekwa ukutani. Watu wengi wanavyo, kwa kusomea habari vinafaa. Kwa video ya HD sikubaliani navyo. Kidude kile cha kawaida kinasikiliza na kurudia kwa redio ile ile, kwa hiyo kila kipande cha data kinapita hewani mara mbili na kasi inapungua kwa nusu. Tena kumbuka, kama kompyuta ya kuhariria nayo iko kwenye waifai, tayari data imepita hewani mara moja kufika kwenye ruta. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chomeka kompyuta yenye mafaili kwenye ruta kwa waya. Hilo peke yake linaweza kukumalizia tatizo, na waya wa mita mbili hauna bei ya kukutisha.

Nilichofanya mimi ni kupeleka ruta ya pili mpaka mlangoni pa sebule. Waya wa mtandao wa Cat6 unabeba gigabiti moja hadi mita 100, mimi nilihitaji kama kumi na tano. Kutoboa ukuta sikutaka. Chokaa ya zamani ukiipiga drili inamwagika kama unga, na tundu la kidole linageuka tundu la ngumi. Waya nikaupitisha juu ya fremu ya mlango wa ofisi, ukatambaa pembeni mwa boriti za mikoko hadi mwisho wa korido. Pale nikaweka ruta ya zamani niliyokuwa nayo kabatini, niliyoibadilisha iwe kituo cha waifai tu: unazima ile kazi yake ya kugawa anwani, unaipa anwani yake iliyo kwenye mpangilio wa ruta kubwa, na waya unauchomeka kwenye tundu la kawaida, siyo lile la intaneti. Nikazima 2.4 yake, nikaacha 5 kwenye chaneli 36. Kutoka hapo hadi kwenye televisheni ni mlango wazi na hewa tupu. iperf3 ikasoma zaidi ya 300.

Mtu ataniuliza, kama waya umefika mlangoni, mbona usiufikishe kwenye televisheni? Kwa sababu televisheni haikai. Wageni wakizidi watano tunahamia uani, kunatandikwa mikeka, televisheni inawekwa kwenye meza chini ya kibaraza, na kompyuta imefungwa nyuma yake kwa mkanda. Kinachotakiwa pale ni umeme tu. Waya mwingine ningetegwa nao mimi mwenyewe na sinia la chai mkononi.

Kompyuta ya sebuleni ni zile ndogo za ofisini zilizotumika Ulaya, zinazouzwa Kariakoo, unene wake kama vitabu viwili vya shule. Yangu ilikuja kwa basi, chini ya laki nne pamoja na nauli ya mzigo. Mambo mawili ya kumuuliza muuzaji. La kwanza, ina kadi ya waifai ndani? Nyingi hazina, kwa sababu ofisi zilizozitumia zilikuwa na nyaya, na muuzaji atakupa kidude cha USB akakwambia ni sawa. Si sawa, vingi vya vile vinasumbua kwenye Linux, ukoo wa mifumo ya bure ambao wangu umo, na antena yake ni ndogo. Tafuta yenye kadi ndani na antena zake mbili. La pili, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya kizazi cha ngapi? Hapa watu wanaona jina la i5 wanaridhika. Kama ni Intel, chukua kizazi cha 7 kwenda juu. Kizazi cha 6 kinafungua video za kawaida za HEVC, namna moja ya kubana video, kwa saketi yake maalumu, ila zile za biti 10, zenye rangi nyingi zaidi, kinaanza kuhangaika nazo kwa nguvu ya prosesa, feni inalia, picha inaruka. Utasema mimi video za biti 10 nitazitoa wapi. Kwa dada wa bibi harusi, ndiyo. Simu za iPhone kuanzia ile ya 12 ya mwaka 2020 zinarekodi HDR, video yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, ya biti 10, na kila harusi kuna mtu anakuja na vipande vyake vya simu, anataka viingizwe.

Ndani yake nimeweka LibreELEC, mfumo wa bure ambao kazi yake ni moja, kuwasha Kodi, programu ya kuchezea video. Unaandika faili lake kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, unafuata maelezo, basi. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, baada ya muda mfupi uko kwenye orodha ya video. Hakuna kuingia, hakuna masasisho ya kukusubirisha wageni wakiwa wamekaa. Jambo ninalolipenda zaidi kwa mazingira yetu: mfumo wenyewe uko kwenye faili moja la kusomwa tu, halifunguliwi kuandikwa. Umeme ukikatika ghafla, na hukatika, ukirudi kompyuta inawaka kama kawaida. Kwenye mipangilio ya mtandao nikaongeza folda ya kompyuta ya ofisini, ambayo inatumia Windows, nayo nikaipa anwani isiyobadilika ili kesho isipotee.

Sasa niseme kitu ambacho mafundi wengi wanaokuja kufunga hawakigusi, nacho ndicho kinachofanya video nzuri ionekane mbovu.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Taa nyingi za kumbini, hasa zile za bei rahisi, zinang'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ndiyo maana narekodi fremu, yaani picha moja moja, 25 au 50 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya sekunde 1/50 au 1/100, ili kila fremu ichukue mwanga sawa na mwenzake. Mpiga video anayeacha kamera kwenye 30 na shata ya 1/60 utamjua kwa mistari ya kivuli inayopanda na kushuka kwenye nguo nyeupe ya bibi harusi. Hadi hapo sawa. Lakini kompyuta yoyote ukiichomeka kwenye televisheni, yenyewe kwa kawaida inatoa picha mara 60 kwa sekunde. Gawa 60 kwa 25: unapata 2.4. Fremu haiwezi kuonyeshwa mara mbili na nukta nne, kwa hiyo nyingine zinaonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu. Matokeo yake bibi harusi anayetembea taratibu kuelekea jukwaani anaonekana anashtuka-shtuka. Wateja hawajui kusema fremu. Mama mmoja aliniambia tu, "Mbona mwanangu anatembea kama ana mchanga kwenye kiatu?"

Kodi ina dawa yake. Kwenye mipangilio ya kichezaji, upande wa video, kuna kipengele cha kubadilisha kasi ya skrini ifuate video. Kiwashe, chagua ibadilike video inapoanza na inapokwisha. Skrini inazimika sekunde moja, inarudi kwenye 50, kila fremu ya 25 inaonyeshwa mara mbili kamili na mwendo unatulia. Video za simu zilizorekodiwa kwa 30 zikifika, inarudi yenyewe kwenye 60. Upande wa televisheni nako, zima ile kazi yake ya kulainisha mwendo, inafanya ngozi za watu zionekane za plastiki, na weka ukubwa wa picha usikate pembeni. Televisheni yangu ilikuwa inakula kingo kidogo, jina la bwana harusi likakosa herufi ya mwisho, ikazuka kesi.

Kuhusu usiri. Neno la siri la waifai hii sitoi kwa mtu. Wageni wanaolitaka ninao mtandao wa pili wa wageni kwenye ruta kubwa, unaofika intaneti lakini hauoni folda zangu. Folda yenyewe inataka jina na neno la siri, na kompyuta ya sebuleni inaruhusiwa kusoma tu, haiwezi kufuta. Na huduma ya DLNA, ile ya kugawia vifaa vya nyumbani video, nimeizima pande zote, hii ni muhimu: ikiwa wazi, televisheni au simu yoyote iliyo kwenye mtandao huo inaona orodha ya video zako bila kuulizwa kitu. Fikiria kijana wa jirani amekuja kuomba waifai, anafungua simu anakutana na singo ya dada wa rafiki yake. Kila familia ina folda yake, na siku ya familia fulani folda nyingine nazitoa kwenye orodha. Simu za wageni zinaingia kwenye kikapu mlangoni. Mashine haiwezi kuzuia mtu kurekodi skrini, kikapu kinaweza.

Rimoti: kompyuta hizi nyingi hazisikii rimoti ya televisheni. Mimi natumia Kore, programu rasmi ya Kodi kwa simu za Android, simu yangu pekee ndiyo iko nje ya kikapu. Kama nyumba ina wazee wanaopenda vitufe, nunua kibodi ndogo isiyo na waya.

Umeme wa kompyuta ya sebuleni ni mdogo, ikicheza video haizidi wati 15 hivi kwa kipimo changu, kwa hiyo ruta zote mbili na kompyuta hiyo nimeziweka kwenye yuu-pii-esi, betri ya kushika umeme ukikatika, televisheni sikuiweka. Hewa ya bahari ndiyo adui wa kweli. Matundu ya HDMI na USB yanashika kutu ya kijani, waya uliokaa bila kuguswa unaanza kutoa picha yenye vimulimuli. Ninachomoa na kufuta kwa spiriti mara kwa mara, na ikiwa haitumiki naifunika kitambaa, baada ya kuizima.

4K bado naipeleka kwa waya, ile ya megabiti 100, nikiwa peke yangu natafuta makosa. Kwa redio ya 5 kwenye sebule hii inapita, nimejaribu, lakini mtu akisimama mlangoni katikati ya antena na kompyuta akiba yote inaisha, na nyumba ya harusi haikosi mtu wa kusimama mlangoni.

Ukikwama kwenye ruta ya pili niandikie hapa chini, taja aina ya ruta na unene wa ukuta. Wa kutaka kupigiwa video, njoo kabla ya minada ya korosho haijaanza Oktoba hivi. Baada ya hapo kila mtu ana fedha, kila mtu anaoza, na mimi kamera ninayo moja.